Ndoo ya maepo machanga

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Chakula gani nyumbani kwako hakitupwi kamwe?" Nilitaka kujibu kwa maneno mawili, maepo machanga, niendelee na shughuli zangu. Nimeshindwa.

Sisi wa Lushoto, huku milimani, tunaujua mti wa epo ukizidiwa. Usipoupunguza, tawi linachanika, matunda yanadumaa, na mwaka unaofuata mti unagoma kuzaa. Basi unaacha moja au mawili kwenye kila kichala, mengine unayachuma yangali saizi ya gololi. Mwaka nilioolewa, mume wangu alichuma ndoo nzima akaenda kuimwaga shimoni. Mama mkwe, mtu wa Pangani kule pwani, alikuwa amekuja kututembelea. Akainuka, akamfuata mwanawe, akarudi na ndoo jikoni. "Mwanangu, kwetu embe changa haimwagwi. Hili nalo lina kosa gani?"

Akayakata vipande, akayatia chumvi, akayatandaza kwenye ungo juu ya banda la kuku, vile vile anavyoanika embe za achari. Sasa, Pangani kuna jua. Kwetu wiki ile ukungu ulishuka asubuhi usiondoke, na siku ya tatu ukungu mwingine, ule wenye manyoya meupe, ukaota kwenye ungo. Nilifurahi kimoyomoyo, nakiri. Yeye hakusema kitu. Alimtuma tena mwanawe mtini, na safari hii hakuanika: alichemsha kwa siki, sukari, haradali, kitunguu saumu na pilipili, mimi nimeshikishwa mwiko. Rojo likawa zito hata vipande havijalainika vizuri. Epo bichi lina pektini nyingi, ile inayogandisha jemu, ila siku hiyo mimi nilidhani bibi ana dawa. Achari ile tulitowelea wali mpaka chupa ikakombwa kwa kidole.

Tangu hapo nasema kutupa epo changa ni dhambi. Lakini hapa ninapoandika napiga hesabu: sukari, siki, mkaa wa mchana kutwa, kwa kitu ambacho mti wenyewe hauwezi kukibeba. Na yale ya gololi, tusidanganyane, ni ukakasi mtupu. Mwaka jana niliwapa mbuzi.

Kwa hiyo jibu langu: yanatupwa. Yaliyofika saizi ya ndimu, hapana. Na mama mkwe akiwapo, hata ya gololi hapana. Mkilichapa hili, jina langu liacheni. Gazeti lenu linafika Pangani.