Umeolewa Uholanzi, tena kijijini? Anza na gazeti la bure

Tangu niweke ile picha kwenye status, simu haipumziki. Kwa ambao hamkuiona: gazeti la kijiji chetu, lile la bure linalotumbukizwa kwenye kila sanduku la barua, limenitoa ukurasa wa tatu. Nimesimama mbele ya basi dogo, funguo mkononi, dereva mpya wa buurtbus, yaani basi la kijiji. Jina langu wamelikosea, lakini sura ni yangu. Mama ameshatumiwa nakala Kilosa, na nasikia imezunguka mtaa mzima.

Katika jumbe zote, mmoja umenigusa. Dada wa Mwanza, mumewe Mholanzi, anahamia kijijini huko Drenthe baada ya Pasaka. Ananiuliza: "Dada, kule hakuna Mswahili, hakuna unga wa sembe, mume anashinda kazini. Nitaishije?" Mdogo wangu, nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako.

Mimi niko Achterhoek, mashariki mwa jimbo la Gelderland, jirani kabisa na Ujerumani. Shemeji yenu anaendesha lori la maziwa, anaondoka alfajiri. Nilipofika mara ya kwanza nilifurahi sana kuona mahindi kila upande wa barabara. Nikajua hapa ugali upo. Kumbe mahindi yale ni ya ng'ombe! Yanakatwa mabichi na mabua yake, yanarundikwa, yanafunikwa turubai la plastiki na matairi juu, ng'ombe wanakula majira yote ya baridi. Binadamu hagusi.

Na kuanzia katikati ya mwezi wa pili, jiandae na harufu. Wakulima wanamwaga samadi ya maji mashambani, na nguo zako usizianike nje siku hiyo.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni sherehe za siku ya kuzaliwa. Viti vinapangwa duara sebuleni. Unaingia, unampa mkono kila mmoja, unampongeza mwenye siku yake, mama yake, shangazi yake, hata jirani. Unapewa kahawa na kipande cha keki. Halafu unakaa. Wanazungumza kilahaja chao, wanacheka, wewe unatabasamu mpaka mashavu yanauma. Mama mmoja, mtu mzima kabisa, akanigeukia akaniuliza, "Utarudi lini kwenu?" Nina mkopo wa nyumba wa miaka thelathini hapa, mama. Sikumjibu. Mpaka leo nikimwona dukani namsalimia, lakini lile swali bado liko kooni.

Kazi nayo, wacha tu. Ofisi moja ya mji wa jirani ilinirudishia vyeti vyangu vya uhasibu na maneno matamu, kwamba Kiholanzi changu "bado kidogo". Hesabu zinasema Kiholanzi?

Basi majira ya baridi yale nilikuwa najisomea mtihani wa lugha, na kitu pekee cha Kiholanzi kilichokuja mlangoni bila kulipiwa ni lile gazeti. Nikaanza kulisoma lote, hadi matangazo. Nani kafariki. Nani katimiza miaka hamsini ya ndoa. Siku gani bendi ya tarumbeta inapita kukusanya magazeti ya zamani ili ipate hela ya sare. Kondoo wa nani wameuawa na mbwa mwitu, maana wale wanyama wamerudi, na tangu 2019 wanazaliana kule kwenye misitu ya Veluwe. Kidogo kidogo wale watu wa kwenye duara la viti wakaanza kuwa na majina na shida zao.

Ndipo nikaona tangazo: Jumamosi, kukusanya matawi kwa ajili ya moto wa Pasaka, njoo na glavu. Huku mashariki kila mtaa unarundika kuni kubwa kama nyumba na kuziwasha Pasaka, na mitaa inashindana. Nikaenda. Mtoto wa Kilosa unanifundisha kubeba kuni? Nilibeba mpaka vijana wakaacha kupiga soga. Baadaye tukakaa kwenye trela la trekta tunakunywa kahawa, na hakuna aliyeniuliza narudi lini.

Baada ya hapo milango ikafunguka. Huku kuna desturi ya ujirani wanayoiita naoberschap, sawasawa na watu wa mtaani kwetu kwenye msiba: jirani ana wajibu, haombwi. Mtoto akizaliwa majirani wanapeleka mkate mrefu wa zabibu kavu. Wazee wakifikisha miaka hamsini ya ndoa, majirani ndio wanaopamba lango kwa majani mabichi na mawaridi ya karatasi. Nimekaa ghalani na wanawake wa mtaa jioni nyingi tukikunja mawaridi hayo, na umbea wa mle hakuna gazeti linaloufikia.

Ndiyo maana 2022, wakulima walipoanza kuning'iniza bendera za taifa kichwa chini kwenye nguzo za barabara kuipinga serikali, mimi sikushtuka. Rafiki zangu wa Rotterdam walinipigia wakidhani wazungu wa kijijini wanatufukuza. Nikawaambia tulieni, niwaeleze. Mahakama ilikuwa imekataa mwaka 2019 mfumo wa vibali vya kutoa naitrojeni, inayoharibu hifadhi za asili, na wakati huo serikali ilitaka utoaji wake upungue kwa nusu ifikapo 2030. Naitrojeni hiyo inatoka sana kwenye mavi na mkojo wa ng'ombe, kwa hiyo mkulima alisikia "punguza mifugo". Chama cha wakulima, BBB, kilichoanzishwa 2019, kikaja kuongoza kwa kura uchaguzi wa majimbo wa Machi 2023. Yote hayo nilikuwa nimeshayasikia ghalani.

Habari ya leseni siwachoshi. Ya Tanzania haikubadilishwa, nikasoma upya, nikafaulu. Basi la kawaida haliji kwetu, kwa hiyo buurtbus linaendeshwa na wakazi wenyewe kwa kujitolea, abiria wanane tu. Waliponiomba nijiunge nilijifanya nafikiria, lakini moyoni nilishakubali.

Sasa nisikilizeni, na wengine mkasirike. Wengi wetu tukifika huku tunajifungia ndani, tunaishi Tanzania ya WhatsApp, halafu tunasema wazungu wana roho ngumu. Jirani atakujuaje kama hujawahi kusimama naye kwenye matope? Soma gazeti la kijiji. Ukiona tangazo, nenda. Hata kama hujaalikwa kwa jina, nenda. Kiholanzi kibovu kitanyooka huko huko, na mumeo asikusemee. Nimeshasema, nenda.

Yaliyobaki kwenye swali lako: unga agiza mtandaoni, chukua mfuko mkubwa usije ukalipia usafiri kila mara. Baiskeli nunua ya mtumba, ila taa za mbele na nyuma ziwake, polisi wanapiga faini. Na Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, ving'ora vitalia nchi nzima. Ni majaribio tu, usikimbie na mtoto.