Chumvi Haitii Zabibu Utamu

SWALI: Bwana shamba, nina ekari moja Gongoni, kaskazini ya Malindi, karibu kabisa na mabwawa ya chumvi. Nimesoma kuwa huko Austria kuna maziwa ya chumvi, na zabibu za kando yake hutoa mvinyo mtamu unaosifiwa duniani. Jirani ananiuzia mchanga wa chumvi unaobaki bwawani, nichanganye na samadi kwenye mashimo. Nipande miche mingapi?

JIBU: Habari ya miche tuiweke kando. Huo mchanga usiutie shimoni hata konzi moja, ndugu yangu.

Ulilolisoma ni kweli, ila umeambiwa nusu. Eneo hilo ni Seewinkel, mashariki ya ziwa Neusiedl, mpakani mwa Austria na Hungaria. Ziwa lenyewe kina chake hakifiki mita 2, na pembeni yake mna vidimbwi vingi vya chumvi. Majira ya baridi yanapokaribia, ukungu hupanda kutoka kwenye maji hayo alfajiri ukafunika mizabibu, kisha jua la mchana huukausha. Hapo ndipo huota kuvu aitwaye Botrytis cinerea. Hutoboa ganda la zabibu, maji yakatoka kwa mvuke, sukari ikabaki imekolea ndani. Utamu wa ule mvinyo umetoka hewani. Mizizi haikulamba chumvi yoyote. Wakulima wa kule hupanda kwenye matuta ya mchanga na kokoto. Ardhi iliyotanda ukoko mweupe wameiacha iwe malisho ya ng'ombe na makazi ya ndege. Tena chumvi yao kwa sehemu kubwa ni magadi. Yako ni ya bahari.

Sasa hapa kwetu usiku haupoi, unyevu haukauki. Kuvu wa namna ile akipata joto la Malindi hukuachia shada lililochacha na nzi juu yake. Na usiseme mbona Naivasha wanalima zabibu kando ya ziwa: maji ya Naivasha ni matamu, tofauti na jirani zake Nakuru na Elementaita. Dodoma nako huvuna mara mbili kwa mwaka, lakini ni nyanda kavu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari.

Fikra ya chumvi kuleta utamu naikuta kila wiki, na nadhani imetokana na mnazi. Wapo wanaotia chumvi ya mawe shinani na mnazi ukanawiri, kwa sababu mnazi unahitaji klorini na huistahimili chumvi. Mzabibu hauko hivyo. Udongo ukipimwa chumvi ukapita desisimeni 1.5 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi ya udongo), mavuno huanza kushuka. Mzizi hushindwa kuvuta maji hata kama ardhi imelowa, na kingo za majani huungua zikawa rangi ya kahawia. Mkulima akiona hivyo hudhani ni kiu, akazidi kumwagilia maji yale yale ya kisima cha munyu. Nimeona miembe michanga, mipapai na mashamba mazima ya mboga yakimalizwa namna hii, na kila mara kuna mtu aliyelipwa kwa ushauri huo.

Wengine ni hao wauzaji wa "unga wa kuua chumvi". Chumvi haiuawi. Huondoka kwa kuoshwa na maji yasiyo na chumvi, tena mengi, yapenye hadi chini ya mizizi na yapate njia ya kutoka. Jasi, yaani jipsamu, husaidia udongo wa mfinyanzi uliogandamana kwa sodiamu, lakini nayo bila maji ya kuosha haifanyi kitu. Na pale Gongoni, ukichimba kidogo tu unakutana na maji ya chumvi. Hiyo uliyoiosha masika itapanda tena kiangazi.

Kabla hujatoa shilingi, peleka maabara udongo wa shamba na chupa ya maji ya kisima chako, vipimwe chumvi. Kisha muuzaji akija na mfuko wake, mwulize maswali mawili: chumvi hiyo inakwenda wapi, na kwa maji kiasi gani?