Toboa mpira mmoja kwanza, mkuu. Mitatu iliyobaki iache kwenye begi

Mkuu, usipeleke mipira yako minne ya bowling kwa fundi wa kutoboa. Peleka mmoja.

Umeandika kwamba gumba lako linavimba katikati ya mchezo na kusinyaa kukiwa na baridi, umechoka kubandika na kubandua tepu ndani ya tundu la gumba, na fundi amekuahidi punguzo la bei akikutobolea mipira yote minne siku moja ili iingie bushi za gumba za kubadilisha (vipande vyenye tundu la gumba, unatoa kimoja na kuweka kingine), "kwa vipimo vilevile vya tundu la zamani". Kisha ukauliza mfumo gani, bushi ngapi, na kama mpira utapungua uzito. Maswali hayo yanaweza kusubiri. Hilo la vipimo vilevile ndilo litakalokula hela yako.

Vipimo vilevile havipo. Tundu lako la sasa lina tepu, na tepu ni sehemu ya kipimo ambayo fundi akipitisha kalipa, kifaa chake cha kupimia, haioni. Shibiri hupimwa kutoka ukingo wa tundu la kidole hadi ukingo wa tundu la gumba ulio karibu zaidi na vidole, pale nyama ya gumba inapobonyeza. Ukibandika tepu upande huo, umesogeza mahali gumba linapoegemea, na shibiri imerefuka. Ukibandika upande wa kucha, shibiri haibadiliki, tundu linabana tu. Sasa jiulize tepu zako ziko upande gani, tabaka ngapi, na kama mipira yote minne inazo sawasawa. Najua jibu, kwa sababu hakuna mchezaji mwenye mipira minne iliyolingana. Mmoja ulitobolewa mkono ukiwa mwembamba, mwingine tundu lake lilikwanguliwa kwa msasa likawa la mviringo usio sawa, wa tatu ulilainishwa mdomo zaidi. Mkono wako umezoea kila mmoja na ulemavu wake. Siku bushi ileile itakapoingia kwenye mipira yote, hakuna mahali pa kuficha kosa tena.

Ndiyo maana maneno ya "tunanakili tu" yananichoma. Niliambiwa hivyohivyo na fundi aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi, na gharama ya kuziba matundu haikutoka mfukoni mwake. Fundi anayesema kunakili kunatosha ama hajui kazi ya bushi, ama anajua na anataka kuuza slivu nne, yaani maganda ya kushikia bushi, kwa mpigo. Kwa mteja yote mawili ni hasara.

Tuelewane mfumo unavyofanya kazi. Kuna slivu, ambayo inagundishwa ndani ya mpira moja kwa moja, na kuna bushi, ambayo inaingia ndani ya slivu na kufungwa kwa kuzungushwa. Tundu la gumba linatobolewa kwenye bushi. Mwinamo, yaani kama tundu linaelekea chini ya kiganja au linakimbia kiganja, na kama linalala kushoto au kulia, unatakiwa uwe kwenye mpira: fundi anainamisha mpira kwenye mashine, anatoboa tundu kubwa la slivu, kisha bushi inatobolewa wima, katikati, bila mwinamo wowote. Hapo ndipo bushi inakuwa kweli ya kubadilisha. Fundi akiweka mwinamo ndani ya bushi ili kuokoa muda, kila bushi mpya utakayotengeneza lazima irudie mwinamo huo bila kupotea hata kidogo, na ikifungwa imegeuka kiasi kidogo tu, gumba linaingia kwa pembe nyingine kabisa. Mwulize swali hili kabla ya kumkabidhi mpira: mwinamo unauweka wapi? Akisitasita, chukua mpira wako uondoke.

Sasa fikiria mwinamo umekosewa kwa 1/8 ya inchi. Kwenye karatasi ni kidogo, kwenye gumba ni kikubwa mno. Tundu likikimbia kiganja kupita kiasi, utaubana mpira usidondoke wakati mkono unabembea, na sugu itaota kwenye ncha ya gumba. Likielekea kiganjani kupita kiasi, gumba linakawia kutoka na ngozi ya nyuma, karibu na kucha, inachubuka. Shibiri ikiwa ndefu, shina la gumba linauma na ngozi inavutika. Ikiwa fupi, gumba linakunjika ndani ya tundu na fundo lake linapata lengelenge. Dalili hizi hazionekani kwenye majaribio machache ya kwanza, ukiwa umesimama mbele ya mashine ya fundi na mkono umepoa. Zinakuja ukiwa umecheza muda mrefu, gumba limejaa, kiganja kina jasho.

Na hapa ndipo gharama inapozidi. Kosa la bushi ni rahisi: unatupa bushi, unatoboa nyingine. Kosa la slivu liko ndani ya mpira. Slivu iliyogundishwa haing'oki. Inakerezwa nje kwa drili, tundu linajazwa rezini, linaachwa likauke vizuri, uso unasawazishwa kwa msasa, kisha linatobolewa upya. Zidisha kwa minne. Tundu la slivu ni pana kuliko tundu la kawaida la gumba, kwa hiyo rezini inayoingia ni nyingi, na uzito wake si lazima ulingane na wa kilichotolewa. Kanuni za USBC, chama kinachosimamia bowling Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2020 zinakataza tundu la ziada la kusawazisha uzito, na mpira wenye zaidi ya ratili 10 hauruhusiwi kuzidi aunsi 3 za tofauti kati ya pande zake. Zamani fundi aliyeharibu mizani alichoma tundu la pembeni akaokoka. Sasa hana mahali pa kukimbilia, na mpira unaweza kubaki wa mazoezi tu.

Kwa hiyo: mpira mmoja. Chagua unaoutumia mara nyingi, si ule wa akiba. Mwambie fundi aupime mkono wako upya, gumba likiwa limepashwa moto kwa kucheza, tepu zote zikiwa zimetolewa. Atoboe tundu la slivu, aiingize kavu na bushi ikiwa imefungwa ndani yake, ushike, uone. Apige alama moja kwenye bushi na nyingine kwenye slivu, zitazamane. Kisha ndipo gundi. Gundi iwe kwenye ukuta wa nje wa slivu tu, ipakwe kwa wembamba, na chini kusibaki uwazi. Kanuni haziruhusu pango chini ya kifaa. Ikimwagika kwenye njia za kufungia, bushi ama haitaingia ama haitatoka, na unarudi kulekule kwa kukereza.

Cheza na mpira huo michezo 15 hadi 20, kwa siku tofauti, angalau siku moja ya joto na moja ya baridi. Rekebisha bushi mpaka mkono unyamaze. Wakati huo utakuwa na kitu ambacho kalipa haiwezi kukupa: bushi iliyokubaliwa na gumba lako, iliyokatwa juu ikafuata mviringo wa mpira, mdomo umelainishwa unavyotaka. Hiyo sasa ndiyo kipimo cha mipira mitatu iliyobaki. Fundi anaifunga ndani ya slivu mpya na kuishusha mpaka uso wa bushi ulingane na uso wa mpira. Asipofanya hivyo, slivu moja itakaa chini kidogo, nyingine itatokeza, na bushi iliyo laini kwenye mpira wa kwanza itakuwa na kingo inayokata gumba kwenye wa tatu. Watu wengi wanalaumu bushi hapo. Bushi haina kosa, kina cha slivu ndicho kimekosewa.

Kuhusu idadi ya bushi, tatu zinatosha kuanzia: ya kawaida, moja pungufu kwa 1/64 ya inchi na moja zaidi kwa 1/64. Fahamu kwamba zote zikitobolewa katikati, nyembamba inarefusha shibiri kwa 1/128 na pana inaifupisha vilevile, kwa sababu ukingo unasogea nusu ya tofauti. Wengi hawalisikii hilo. Wewe ukilisikia, mwambie fundi asogeze kitovu cha tundu kwenye bushi hiyo. Ziandike namba kwa chini, na kila unapohamisha bushi futa mchanga na mafuta kwenye njia za kufungia, maana uchafu kidogo unainyanyua au unaifanya icheze. Kanuni zinataka iwe imefungwa imara wakati wa kurusha, na ukisikia inagonga ndani ya slivu usirushe.

Mfumo gani? Vise IT au Switch Grip ya Turbo, chukua ule ambao fundi wako ana bushi zake dukani na ameuzoea. Bushi ya kampuni moja haiingii kwenye slivu ya nyingine, kwa hiyo mipira yote minne lazima iwe ya mfumo mmoja.

Kama unasoma hii na mpira wa pili umeshatobolewa, mpigie simu sasa hivi umwambie asitie gundi. Tundu tupu linazibwa bila shida kubwa. Aiweke slivu pembeni, akurudishie mpira wa kwanza, uende ukacheze nao.