Maswali na majibu: kupima programu za wasm (WebAssembly) kwenye kivinjari

Jaribio letu la Playwright (zana inayoendesha kivinjari yenyewe ili kupima programu) hufaulu mara tatu, la nne linafeli kwa sababu moduli ya wasm, yaani faili ya msimbo uliokompailiwa ambayo kivinjari huiendesha, haijamaliza kupakia. Nimeweka lisubiri sekunde 5. Niongeze ziwe 10?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi na jibu halijabadilika: usihesabu sekunde. Sekunde 10 kwenye kompyuta yako ni nyingi mno, na kwenye seva iliyolemewa na kazi nyingine huenda zisitoshe. Wala usikimbilie `networkidle`. Hiyo inakuambia tu kwamba mtandao umetulia kwa milisekunde 500. Haijui kama kivinjari bado kinakompaili moduli uliyokwisha kuipakua. Anayejua kwamba programu iko tayari ni programu yenyewe, basi iseme. Moduli ikishaanza na data ya mwanzo ikishaingia, iandike `window.injiniTayari = true`, na jaribio lisubiri hilo kwa `waitForFunction`. Ni mstari mmoja kila upande.

Programu yetu imejengwa kwa Flutter, zana ya Google ya kujenga programu. Vitufe tunaviona kwa macho, lakini Selenium, zana yetu ya majaribio, haivioni. Tumeanza kubofya kwa vipimo vya x na y. Kuna njia bora?

Ipo, na naomba muianze wiki hii kabla vipimo hivyo havijaota mizizi.

Flutter ya wavuti kwa kawaida huchora kila kitu ndani ya kanvasi kupitia CanvasKit, yaani injini ya kuchora ya Skia iliyokompailiwa kuwa wasm. Mnachokiona ni rangi iliyopakwa; kwenye DOM (mti wa vipengele vya ukurasa) hakuna kitufe. Selenium haina kosa. Sasa mfikirie mtu asiyeona, anayetegemea kisoma skrini. Naye hakioni kitufe hicho, kwa sababu ileile. Mmelalamika kwa ajili ya majaribio, kumbe kuna mtumiaji aliyefungiwa nje tangu siku ya kwanza.

Dawa ni moja kwa wote wawili. Flutter ina mti wa semantiki, yaani maelezo ya kila kilichochorwa, ambao kwenye wavuti hulala mpaka uamshwe. Iteni `SemanticsBinding.instance.ensureSemantics()` mwanzoni mwa programu, kipeni kila kitufe lebo ya maana, na vitajitokeza kwenye DOM vikiwa na jina na wajibu wake. Hapo jaribio linabofya "Lipa" kwa jina, kama binadamu anavyofanya.

Niliwahi kufanya kazi na timu iliyobofya kwa vipimo. Mbunifu alisogeza menyu kidogo tu, na asubuhi iliyofuata karibu majaribio yote yalikuwa mekundu, yaani yamefeli. Yaliyonitia hofu ni yale machache yaliyobaki kijani: yalikuwa yanabofya kitu kingine kabisa, na hakuna aliyegundua kwa siku kadhaa.

Wenye injini zao za C++ au Rust zinazochora kwenye kanvasi, kazi ni yenu kwa mkono: wekeni vitufe halisi vya HTML ndani ya elementi ya kanvasi, na toeni kutoka kwenye moduli kazi (function) ndogo za kusoma hali, kwa mfano idadi ya maumbo yaliyochorwa. Kusoma tu. Jaribio likipewa kazi ya kuita "hifadhi" moja kwa moja, halijapima kitufe cha kuhifadhi. Moduli ifungulieni dirisha la kuchungulia, mlango wa nyuma msiuweke.

Selenium au Playwright?

Ile ambayo timu yako itaitunza. Zote mbili hazioni ndani ya moduli.

Napata kosa: "expected magic word 00 61 73 6d, found 3c 21 64 6f". Faili imeharibika?

Faili haijafika. Kila moduli ya wasm huanza na baiti ya sifuri na herufi "asm". Ulichopokea kinaanza na "<!do", yaani ukurasa wa HTML: seva yako inarudisha `index.html` kwa kila njia isiyoijua. Kosa lenyewe limekueleza yote. Lisome kabla ya kuniandikia. Ukisharekebisha njia, hakikisha seva inatuma aina ya `application/wasm`, la sivyo `instantiateStreaming` itaikataa.

Kwenye laptop kila kitu kinapita, kwenye kontena la CI (seva inayoendesha majaribio yenyewe) kinafeli. Kwa nini?

"Kinafeli" hakinisaidii, nakili ujumbe wa kosa. Ila washukiwa wakuu ni wawili.

Kama moduli yako inatumia nyuzi (threads, kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja), inahitaji `SharedArrayBuffer`, kumbukumbu ya kushirikiana, ambayo vivinjari viliifunga Januari 2018 kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama wa Spectre na baadaye vikairudisha kwa masharti: kwenye vichwa vya majibu ya seva COOP iwe `same-origin` na COEP iwe `require-corp`, na anwani iwe salama. Hilo la mwisho ndilo linalowanasa wengi. `localhost` huhesabiwa salama hata bila HTTPS, lakini `http://app:3000` ndani ya mtandao wa Docker (programu inayoendesha kontena) haihesabiwi. Jaribio lako la kwanza kabisa lihakikishe `crossOriginIsolated` ni `true`, yaani masharti hayo yametimia.

Mshukiwa wa pili ni `/dev/shm`, kumbukumbu ya pamoja ya Linux, ambayo Docker huipa megabaiti 64 tu. Chrome huanguka hapo. Ongeza kwa `--shm-size`.

Majaribio yote ni kijani, lakini wateja wenye iPhone za zamani wanaona skrini nyeupe.

Umekompaili kwa SIMD (amri moja inayokokotoa data nyingi kwa pamoja)? Safari iliipokea kwenye toleo la 16.4, Machi 2023. Kivinjari kisichoijua hukataa moduli nzima, hata kama amri hiyo imetumika mahali pamoja tu. WebKit (injini ya Safari) ya Playwright haitakuonyesha hili, kwa kuwa ni mpya na si Safari ya simu ya mteja. Jenga moduli mbili, pima uwezo wa kivinjari kwa `WebAssembly.validate`, kisha pakia inayofaa. Na utafute simu ya zamani ya kweli, ikae ofisini.

Hukuuliza, lakini nakuonya kuhusu kijani chako. Moduli ikifa katikati kwa kosa la `unreachable`, vitufe vya HTML vinavyoizunguka hubaki vimesimama, na jaribio linalotazama vitufe hivyo litafaulu juu ya injini iliyokufa. Sikiliza `pageerror` katika kila jaribio, na kosa lolote litakalotokea humo lilifelishe jaribio zima.