Nina milioni 3, wazee wanataka watu 300

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi friji, naishi Igoma, Mwanza. Mchumba wangu anafundisha chekechea kule Buhongwa. Mahari nimemaliza, ndoa tunafunga kanisani mwezi wa 8. Kwa kujibana sana tumepata milioni 3. Wazee wa pande zote wanataka ukumbi na watu 300, wanasema michango itajazia. Mwenzangu anaogopa madeni, mimi naogopa ukweni waseme sijamthamini binti yao. Harusi itapendezaje? – Fundi, Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Gawa milioni 3 kwa watu 300: kila mmoja ana shilingi 10,000, na hapo hujagusa pete, shela wala ukumbi. Gawa kwa watu 80, kila mmoja ana 37,500. Anza na hesabu hiyo kabla ya kuongea na mpambaji yeyote.

Kuhusu michango, nimekuwa mhazini wa kamati za harusi hapa Kirumba miaka mingi, na iliyoniuma zaidi ni ya binti wa dada yangu. Daftari lilijaa ahadi, tukalipa ukumbi nusu. Siku yenyewe mwenye ukumbi akafunga geti mpaka amaliziwe chake. Bibi harusi alikaa garini dakika 40, vioo juu, jasho linamchuruzika mpaka poda ikashuka shingoni, huku sisi wanakamati tunapekua mikoba kutafuta noti. Mpaka leo picha za siku ile hataki kuziona. Kwa hiyo panga kwa fedha iliyo mkononi tu. Mchango utakaoingia baada ya tarehe 20 mwezi wa 7 uende kwenye kitanda, jiko na sufuria zenu.

Wazee usiwaendee mwenyewe. Mtume mshenga na hesabu ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, aombe kila upande uchague watu wake 30, nyinyi mbaki na 20. Na awaambie kanisani milango iko wazi kwa wote 300: waje waimbe, wapige vigelegele. Mchungaji au padri mwoneni mapema, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe si chini ya siku 21 kabla.

Ukumbi achana nao. Tafuta ndugu mwenye uwanja, na fanyeni mchana. Ibada saa 3 asubuhi, chakula saa 7, saa 11 watu wanaagana. Usiku unataka taa na jenereta, na huku kwetu ziwani taa zinaita wale wadudu wa ziwani. Nimeshawaona wameelea juu ya mchuzi kama pilipili manga. Mwezi wa 8 mvua si za kuhofia, ila mchana upepo wa ziwa unapanda, kwa hiyo kamba za turubai zifungwe kwenye mawe makubwa, si kwenye vijiti. Mawe hayohayo ndiyo mapambo yenu. Mtu wa Mwanza analipia pazia la picha la nini, na mlima wa mawe uko nyuma ya nyumba?

MC awe binamu mwenye ulimi mzuri. Keki ndogo inatosha. Shela kodi, ila bibi harusi alijaribu mapema, lisije likambana.

Fedha weka kwenye chakula, na hapo usibane. Pilau, kachumbari, na sato mzima kwa kila sahani. Nenda mwaloni alfajiri mitumbwi ikiingia, pamoja na shangazi anayejua samaki. Mfunue matamvua: yawe mekundu mabichi. Jicho liwe limetokeza na linang'aa. Likiwa limezama na lina ukungu, mrudishe.

Na hofu yako ya ukweni naielewa, lakini binti mwenyewe ameshakwambia anachoogopa. Msikilize huyo kwanza.

Sato chukua 90. Wapishi, mpiga picha na vijana wa turubai nao wanakula.