Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: niliyoyaona kwenye kikundi chetu cha cherehani

Mkuu, umeuliza kama wewe na wenzako wanne muombe mkopo wa halmashauri mfungue karakana ya kuchomelea, au msijisumbue kwa sababu mtaani wanasema zile ni hela za wanaojuana. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, maana nimeukopa, ukanitoa jasho, na nimeumaliza.

Kwanza, hela ile si hisani ya diwani. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa soko, leseni, kodi ya vibanda. Ni ile hela anayoichukua mkusanya ushuru asubuhi hata kabla mama ntilie hajauza chapati ya kwanza. Basi ukienda ofisi ya kata usiingie kinyonge.

Sisi tuko watano, wote wanawake, tunashona sare za shule. Tulianza 2019 bila mkopo wowote. Kila Jumamosi mtu anaweka elfu mbili, daftari analishika mwenzetu mmoja ambaye hata shilingi mia akiiona haieleweki hafungi kikao. Daftari hilo ndilo lililotubeba baadaye. Tulipoomba 2021, afisa maendeleo ya jamii alipitia katiba yetu haraka haraka, ila lile daftari alilifungua ukurasa mmoja mmoja.

Hata hivyo tulizungushwa. Muhtasari wa kikao chetu ulirudishwa mara mbili kwa sababu jina la mwenzetu mmoja halikufanana na la kitambulisho cha NIDA. Hakuna aliyetuambia siku ya kwanza, tukapoteza miezi. Kagueni majina yenu leo, herufi kwa herufi.

Hela iliingia Machi 2022, milioni sita. Tukanunua vyerehani viwili vya umeme, overloki moja, na majora ya kitambaa. Overloki ilibadilisha kazi yetu kabisa. Zamani kingo za sketi tulizishona zigzagi kwa cherehani cha kawaida, na mtoto akifua mara tatu nyuzi zinaning'inia, mzazi anarudi analalamika. Sasa kingo inakatwa na kufungwa hapo hapo, na mzazi anaipindua sare ndani nje na kuikubali.

Palipotuumiza ni ratiba ya marejesho. Tulipewa miezi mitatu ya kujipanga, kisha laki mbili na nusu kila mwezi kwa miaka miwili. Lakini sare zina msimu wake, Desemba na Januari. Agosti hakuna mteja, na rejesho linadaiwa vile vile. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wake wawili ili kikundi kisionekane kimekwama, na jambo hilo bado linaniuma kwa sababu mkopo ulikuwa wa kumnyanyua yeye. Kuchomelea nako kuna miezi yake, watu hutengeneza mageti na madirisha wakishavuna au wakishapata hela za ujenzi. Kaeni na afisa kabla ya kusaini mkataba, mwambieni miezi yenu mikavu ni ipi. Sisi tulisaini kwanza.

Kilichokuja kutuokoa ni oda ya serikali yenyewe. Wengi hawajui kwamba sheria ya manunuzi ya umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za serikali kwa makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Tulipata kushona mashuka sitini ya kituo cha afya. Ni kazi ndogo, pindo tu juu na chini, lakini ilikuja mwezi mkavu. Malipo yalichelewa, hilo nawaambia wazi, na kitambaa tulinunua kwa akiba yetu ya Jumamosi. Siku hizi zabuni zinapita kwenye NeST, yaani mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwa hiyo kikundi kijisajili humo mapema. Shule zinahitaji madawati, zahanati zinahitaji vitanda na mageti. Kwa fundi wa kuchomelea nadhani hapo ndipo penye faida kuliko hata mkopo wenyewe. Mkopo unakupa mashine, na halmashauri ikiwa mteja ndiyo mashine haitalala.

Kuhusu hela za wanaojuana: vikundi hewa vilikuwepo, na Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya, na kwenye baadhi ya halmashauri hela zinapitia benki. Vilivyotuangusha wengi ni vikundi vilivyozaliwa wiki moja kabla ya fomu, watu wanagawana hela, kila mmoja anashika njia yake. Waliokuwa waaminifu wakakaa zaidi ya mwaka bila kukopa kwa makosa ya wale.

Kwa hiyo nyinyi watano, mmeshafanya kazi moja pamoja mkagawana malipo bila ugomvi? Kama bado, tafuteni hata geti moja mlitengeneze kwa mashine ya kukodi, muweke hesabu yake kwenye daftari. Mkimaliza geti hilo njoo uniambie, nitakutumia mfano wa katiba yetu.