Sanduku la vyombo vya papa yako, usiliuze kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Katindo, hapa Goma, aliniandikia mu WhatsApp. Papa yake alikuwa menizie, yaani seremala, amefariki, ameacha sanduku la vyombo vya zamani, raboti mbili (randa za kulainisha mbao), valope moja (randa ndefu), siso saba (patasi) na msumeno wa mkono, na kuna mutu anampa dola 40 kwa vyote. Akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akaniuliza, "Niuze ao niache?" Nilimjibu haraka asiuze, lakini usiku usingizi ulikataa kabisa, juu lile swali lilinirudisha mbali sana, basi nimeona niandike yote hapa, najua wengi munaonisoma munatafuta kitu kimoja na mimi, kuwa na atelye (karakana) yako, kutengeneza kitu kwa mkono na kidumu.

Mimi ni mwanamke na ni menizie hapa Goma, papa yangu ndiye alinifundisha. Alipokufa 2014, siku ya kumaliza matanga wazee wa familia walikaa kugawa vitu, sanduku la vyombo wakampa mdogo wangu wa kiume ambaye hata nyundo hajawahi kuishika. Nilipouliza, baba mkubwa akanijibu mbele ya watu wote kwamba mwanamke hashiki raboti. Mimi niliishika raboti nikiwa na miaka tisa! Na kitanda alichokuwa analalia baba mkubwa, mbao zake nilizipiga raboti mimi. Sikujibu kitu siku ile, na mpaka leo kule kunyamaza kunaniuma kuliko lile neno lenyewe.

Miezi miwili hivi mdogo wangu akalipeleka sanduku Birere akaliuza kwa watu wa feraye, wanaonunua vyuma chakavu. Kwa kilo. Sehemu za mbao walizitupa, wakapima chuma tu. Nilizunguka kwa wauza feraye siku mbili nzima, nikapata chuma cha valope (ile sehemu inayokata), tezo, siso mbili na msumeno hauna mkono tena, nikalipa dola 11 kwa vitu vya papa yangu mwenyewe.

Nyumbani nilikipangusa kile chuma cha valope na kitambaa chenye petroli ya taa, kutu ikatoka polepole, yakaonekana maneno yaliyogongwa kwenye chuma, "acier fondu". Papa alikuwa ananionyesha haya maneno nikiwa mtoto, anasema haya ndiyo bei yake. Maana yake ni chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya chungu mpaka kikawa sawasawa chote, ufundi ambao Benjamin Huntsman aliuanzisha kule Sheffield, Uingereza, miaka ya 1740. Ukikiangalia kwa ubavu, karibu na makali, utaona mstari mwembamba. Upande mmoja ni chuma laini, upande wa pili ni tabaka jembamba la pua ngumu, vyote viwili viliunganishwa motoni na mfua vyuma. Ile laini inasaidia kunoa isiwe kazi ya siku nzima, ile ngumu inashika makali.

Na ule msumeno una simba. Wengi munamjua simba wa Peugeot kwa gari, 404 na 504 za wazee wetu, lakini ile familia ilianza kutengeneza chuma na misumeno tangu 1810, na simba waliandikisha 1858 kama alama ya msumeno, meno magumu kama ya simba, mgongo unaopinda bila kuvunjika. Gari lilikuja nyuma sana. Mtu wa feraye alikuwa ameutupa chini ya mabati.

Mwili wa valope ulikuwa umepotea, basi nikauchonga mpya na mbao ya muvula, kwa kumbukumbu tu, vile nilivyokuwa naona mikono ya papa inakaa. Ilinichukua jioni nyingi, sitawachosha na hiyo.

Lakini kosa langu lazima niliseme. Nilikuwa na haraka, kazi ya mteja inangoja, nikakipeleka chuma kwa jirani mwenye mashini ya kunolea. Cheche zikaruka, nikaona ncha inageuka manjano, halafu kahawia, halafu blu kama koo la njiwa, yote kwa muda wa kupumua mara mbili. Blu maana yake moto umefika karibu digri 300 na ugumu umetoka, makali hayakai tena, unapiga raboti mbao moja tu na tayari chuma kinateleza. Nililia, siwafichi. Mzee mmoja anayechonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ndiye aliniokoa. Wale wazee wanatengeneza chukudu nzima, mti wa mumba na mikaratusi, kwa tezo, panga na siso, na ndiyo hiyo hiyo chukudu iliyowekewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, lakini nani anawauliza wananoa namna gani? Alinikalisha kwenye jiwe lenye maji, kwa mkono, mpaka ile sehemu ya blu yote ikaisha. Nilipoteza chuma upana wa kucha. Makali yakarudi.

Sasa sikilizeni. Januari 2025, siku zile za vita mu mji, umeme ulikatika, maji pia, na nyumba nyingi milango ilikuwa imevunjwa. Atelye zenye mashini zote zilikaa kimya. Mimi nilitoka na valope, msumeno wa simba na siso mbili, nikarudisha milango tisa kwenye mtaa wetu, wengine hawakuwa na kitu cha kunilipa na sikuwadai. Kati ya ile milango, mmoja ulikuwa wa baba mkubwa. Alinishikia mbao nikikata, hakusema neno.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kijana anasema vyombo vya zamani ni vya kupamba saluni (sebule). Hapana! Hicho ni chombo cha kazi, kitumie kila wiki ao kitakufa. Usikipeleke kwenye mashini, nimeshasema na narudia, jiwe na maji, ama mafuta, usikimbie. Makali yainame kati ya digri 25 na 30, na mgongo wa chuma uulaze sawa kabisa kwenye jiwe, hapo ndipo wengi wanaharibu. Ukimaliza kazi pakaa mafuta kidogo, hewa ya ziwa hapa kwetu inaleta kutu usiku mmoja. Na jamani wazazi, ukigawa vyombo, mpe mtoto anayevitumia, usiangalie kama ni wa kike.

Na wewe wa Katindo, rudisha zile dola 40 kama ulishazipokea. Jumamosi asubuhi niletee valope, nitakuwa atelye. Usiisugue na papye vere (msasa), alama za vidole vya papa yako ziko kwenye ile mbao. Kabari ikikataa kutoka usiivute na koleo, gonga polepole juu ya mwili upande wa mbele, na nyundo ya mbao, itajilegeza yenyewe.